Rangi na herufi: namna ya kumkagua German Shepherd kabla hujatoa pesa

Muuzaji wa mbwa wa kizungu Kampala ana maneno mawili ya kukufungulia pochi: "rangi hii ni adimu" na "baba yake ana makaratasi". La kwanza, kwa mbwa wa aina hii, karibu kila mara ni kasoro iliyopachikwa bei. La pili huenda likawa kweli, lakini makaratasi yenyewe yana herufi, namba na tarehe, na anayejua kuzisoma humbana muuzaji palepale getini. Mpangilio unaofaa ni huu: pua, manyoya, wazazi, halafu hati.

Kanuni ya nani?

German Shepherd ana kanuni ya uzao ya nyumbani kwao Ujerumani, inayosimamiwa na SV, chama cha Wajerumani cha wafugaji wa mbwa hao. Chama hicho kilianzishwa Aprili 1899 na Max von Stephanitz, baada ya kumnunua dume aliyekuja kuitwa Horand von Grafrath, mbwa namba moja katika daftari la uzao. Shirikisho la kimataifa, FCI, limeichukua kanuni hiyo kama namba 166. Marekani wana klabu yao ya mbwa, AKC, na Waingereza wana Kennel Club, kila mmoja na maandishi yake. Kwa hiyo ukiambiwa "mbwa huyu ni standadi", uliza standadi ya nani, maana majibu hayafanani.

FCI inakubali nyeusi yenye alama nyekundu-kahawia, kahawia, njano hadi kijivu hafifu, nyeusi tupu, na kijivu chenye vivuli vyeusi. Wenye kijivu wanatakiwa wawe na tandiko jeusi mgongoni na barakoa nyeusi usoni. Pua lazima iwe nyeusi kwa rangi zote. Alama ndogo nyeupe kifuani inavumiliwa ila haipendwi. Kukosa barakoa, macho mepesi yanayochoma, kucha zilizopauka, ncha nyekundu ya mkia na weupe ndani ya miguu huhesabiwa kuwa upungufu wa rangi: mbwa hafukuzwi, lakini anashuka daraja. Nyeupe haikubaliki kabisa, hata macho na kucha zikiwa nyeusi.

AKC imelegea zaidi. Rangi nyingi zinapita, zilizokolea zinapendelewa, zilizopauka pamoja na bluu na ile ya ini ni kasoro kubwa, na mweupe anatolewa uwanjani. Kennel Club ya Uingereza ndiyo yenye lugha ya upole: nyeupe, bluu na ya ini wanaziita zisizotakiwa kabisa. Mbwa mmoja wa bluu, basi, anaweza kuwa na hati halali ya Marekani na bado asiwe na nafasi mbele ya jaji wa Kijerumani.

Neno moja la kuweka sawa. Ile rangi ya kijivu chenye vivuli, wafugaji wengi hapa huiita sebo, na si yule ssebo wa Kiganda anayeitikia simu. Humu tutaiita kijivu-mwitu.

Pua na manyoya

Mtoe mbwa nje kwenye mwanga wa asubuhi. Usimkague chini ya taa ya bomba wala kwenye kivuli cha mabati ya rangi, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye bati jekundu humfanya mbwa yeyote aonekane kahawia. Chukua kitambaa chenye maji, mfute pua. Vumbi letu jekundu hukaa kwenye mikunjo ya pua hadi pua nyeusi ikafanana na ya ini, na wapo waliokataa mbwa mzuri kwa kosa hilo.

Ikiwa safi, pua itakwambia moja kati ya mambo matatu. Nyeusi: endelea. Kahawia ya ini: mbwa amerithi jeni ya ini kutoka kwa wazazi wote wawili, na jeni hiyo hugeuza kila kilichopaswa kuwa cheusi, kwa hiyo kwenye kingo za macho, midomo na nyayo utakuta kahawia ileile, wala hutapata unywele mmoja mweusi mwilini. Rangi ya sleti, kama ubao wa zamani wa shule: huyo ndiye "bluu", mweusi aliyefifishwa na jeni nyingine, nayo imetoka pande zote mbili. Macho ya buluu kwa mtoto wa wiki tano au sita yasikutishe wala kukufurahisha. Watoto wote huanza hivyo. Tazama pua.

Sasa manyoya. Weka dole gumba zako mbili juu ya bega, zipeleke kando, ufungue manyoya hadi uone ngozi. Kwa kijivu-mwitu, unywele mmojammoja una mapande: chini hafifu, juu mweusi, mara nyingine pete mbili tatu. Kwa mwenye tandiko, unywele wa mgongoni ni mweusi karibu urefu wote, na chini yake kuna manyoya ya ndani ya kijivu hafifu. Kijivu hicho si kasoro, kanuni yenyewe inakitaja, ila wanunuzi wengi hukiona na kudhani mbwa "amechanganywa".

Mweusi tupu ana mtego wake. Inua mkia, uangalie kuzunguka tundu la haja. Fungua vidole vya miguu. Ukikuta kahawia hapo, huyo ni mwenye rangi mbili, tandiko lililofunika karibu mwili wote. Rangi yake inakubalika, lakini si nyeusi tupu, na kwenye uzazi hatatoa kile unachokitarajia. Pia mbwa mweusi anayeshinda kwenye jua la Kampala au Arua hupata wekundu wa kutu mgongoni na kwenye mapaja. Fungua manyoya: shina likiwa jeusi na ncha tu ndiyo iliyoungua, ni jua. Litaondoka akipukutisha manyoya na kuota mapya, mradi apate kivuli.

Kuhusu mweupe, maneno mengi hupotea bure. Si zeruzeru: pua na kingo za macho ni nyeusi, na weupe wake unatoka kwenye jeni inayofunika rangi nyingine zote. Si mgonjwa kwa sababu ya rangi. Babu mmoja wa Horand alikuwa mweupe, kwa hiyo rangi hiyo ilikuwa ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza. Wajerumani waliifungia mlango mwaka 1933. Waswisi walikuja kuwafuga weupe kama uzao wao wa peke yake, na FCI ikautambua kwa namba 347, kwa muda mwaka 2002 na moja kwa moja mwaka 2011. Anayekuuzia "German Shepherd mweupe wa maonyesho" anakuuzia ama mbwa wa Kiswisi kwa jina lisilo lake, ama mbwa asiyeruhusiwa kwenye maonyesho anayoyataja. Kulinda geti, atalinda.

Manyoya marefu yamekubaliwa na kanuni tangu toleo la 2010, kwa sharti moja: yawe na manyoya ya ndani. Ingiza vidole nyuma ya shingo na kwenye mapaja. Usipohisi pamba laini chini ya manyoya marefu, hiyo ni kasoro ya kumtoa nje. Na akiwa nayo, usimnyoe kwa sababu ya joto. Pamba ile inazuia jua kama inavyozuia baridi, na mbwa aliyenyolewa huota manyoya ya viraka. Chanua kila siku mbili, na huku ukichanua unatafuta kupe, ambao kwetu ni hatari kubwa kuliko joto lenyewe.

Wazazi hawadanganyi

Hapa ndipo rangi inapokuwa chombo cha kazi. Jeni zinazopanga mchoro wa German Shepherd zina ngazi: kijivu-mwitu kiko juu, tandiko na rangi mbili katikati, nyeusi tupu chini. Mbwa hubeba mbili, moja ya baba na moja ya mama, na ya juu ndiyo inayoonekana.

Kutokana na hilo, wazazi wawili wenye tandiko hawawezi kuzaa mtoto wa kijivu-mwitu. Hawawezi. Ukikuta kijivu-mwitu kwenye tumbo hilo, ama mama alipandwa na dume mwingine aliyeruka ukuta, ama watoto wamechanganywa kutoka nyumba nyingine. Mtoto wa kijivu-mwitu lazima awe na angalau mzazi mmoja wa rangi hiyo. Vilevile weusi wawili huzaa weusi watupu. Mwenye tandiko akitokea hapo, rudisha pesa mfukoni. Kinyume chake, wenye tandiko wawili wanaweza kabisa kuzaa mweusi, iwapo wote wawili wamebeba nyeusi kimyakimya, na hapo muuzaji hajakudanganya.

Bluu, ya ini, nyeupe na manyoya marefu hutembea kwa mtindo mmoja: hujificha. Wazazi wawili wa rangi ya kawaida waliobeba jeni ileile humpa kila mtoto nafasi moja kati ya nne ya kuionyesha. Ndiyo maana mtoto wa bluu si ushahidi kwamba jirani ameingilia. Ni ushahidi kwamba baba na mama wote ni wabebaji, na ndugu zake wenye rangi nzuri, wawili kati ya watatu kwa wastani, wameibeba pia. Mfugaji anayetaka kuikomesha hupima wazazi kwa pamba ya shavuni, sampuli ikatumwa maabara. Kumpandisha dume huyohuyo kwa binti zake ndiko kunakoijaza, na ukitazama mbwa wengi wa bluu wanaouzwa kwa bei ya juu utaona ndicho kilichofanyika.

Mtoto wa wiki nane bado hajavaa nguo zake za ukubwani. Mwenye tandiko huzaliwa karibu mweusi wote, kisha kahawia hupanda kutoka miguuni na usoni mwezi hadi mwezi, na tandiko husinyaa. Aliye na kahawia nyingi mapema atakuwa na tandiko dogo. Kijivu-mwitu huzaliwa na giza, hupauka kama mchanga akiwa na miezi miwili au mitatu, halafu weusi hurudi na kuendelea kubadilika hadi miaka miwili au zaidi. Usimkatae kijivu-mwitu aliyepauka wa miezi mitatu. Mtazame mzazi wake wa rangi hiyo. Doa jeupe kifuani au kwenye vidole kwa mtoto mchanga mara nyingi hupungua au kutoweka.

Herufi zilizo mbele na nyuma ya jina

Rangi haisemi lolote kuhusu kazi. Wenye wekundu uliokolea wamejaa kwenye mistari ya maonyesho, kijivu-mwitu na weusi kwenye mistari ya kazi, lakini huo ni uchaguzi wa wafugaji, si tabia inayotoka kwenye manyoya. Kujua mbwa au wazazi wake wamefanya nini, soma herufi.

Chukua mfano wa kubuni: V Bosko vom Muster, IGP3, AD, Kkl 1, HD normal, ED normal.

V ya mbele ni daraja la umbo kwenye maonyesho, la juu kabisa katika onyesho la kawaida. Chini yake ni SG, kisha G. VA hutolewa tu kwenye onyesho kuu la mwaka. Mbwa hapati V kabla ya miezi 24, na katika mfumo wa SV lazima awe na cheo cha kazi. Kijana wa miezi 18 huishia SG hata awe mzuri vipi. Ukiona V kwa mbwa wa mwaka mmoja na nusu, hati imepikwa.

IGP3 ndicho cheo cha kazi. Mtihani una sehemu tatu, kila moja alama 100: A ni kufuata nyayo, B ni utii, C ni ulinzi. Lazima apate angalau 70 katika kila sehemu. Kwenye kitabu cha alama utaona kitu kama 95-88-91, jumla 274. Mwenye 98-60-97 ana jumla 255 na ameanguka, kwa sababu ya ile 60. Soma namba ya tatu kwa makini ukitafuta mlinzi, ila isome pamoja na ya pili: C ya juu na B ya 71 ni mbwa anayeshika vizuri na kuachia kwa shida, na kwenye nyumba yenye watoto na wageni hilo ni tatizo.

Tofauti ya ngazi inaonekana wazi kwenye nyayo. IGP1 ni hatua kama 300 zilizokanyagwa na mwenye mbwa mwenyewe, zikiwa zimekaa dakika 20. IGP3 ni hatua 600 za mtu mgeni, kona nne, vitu vitatu vya kuokota, na nyayo zimekaa saa nzima. Kwenye ulinzi wa ngazi ya tatu mbwa hupekua maficho sita, hubweka mbele ya mtu bila kumgusa, huzuia anayekimbia, huachia kwa amri.

Kabla ya yote hayo kuna BH, mtihani wa utii na utulivu barabarani: baiskeli, wakimbiaji, kundi la watu, mbwa kufungwa peke yake huku mwenyewe amejificha. Umri wa chini ni miezi 15. Wengi hapa huidharau kwa sababu haina kuuma. Kwa nyumba ya Ntinda yenye boda boda zinazopita geti mchana kutwa, BH ina faida kuliko C ya 95.

HGH ni cheo cha kuchunga kondoo, kazi ya asili ya mbwa huyu, na ni adimu. Kkl ni daraja la ukaguzi wa uzao, Körung, unaofanywa baada ya cheo, AD (mtihani wa mbio tutakaoueleza mwishoni), picha za nyonga na viwiko, na daraja la umbo kupatikana. Kwenye hati za SV waridi ndiyo rangi ya karatasi ya mtoto ambaye wazazi wote wawili wamepita ukaguzi huo. HD ni nyonga, ED ni viwiko. Nyonga zina ngazi tatu zinazoruhusiwa: normal (kawaida), fast normal (karibu kawaida), noch zugelassen. Ya tatu maana yake "bado anaruhusiwa", na jike wa namna hiyo apewe dume wa normal. Herufi SZ na namba ndefu si cheo, ni namba ya daftari. Kuna wauzaji wanaozitaja kwa sauti ya heshima kana kwamba mbwa alizishinda.

Tarehe ndizo zinazoumbua

Mtihani huu umebadilishwa jina mara kadhaa. Zamani uliitwa SchH, ukawa IPO, na tangu tarehe 1 Januari 2019 ni IGP. Kazi ni ileile. Kwa hiyo babu mwenye SchH3 ni sawa kabisa, baba mwenye IPO3 ya 2017 sawa, lakini "IGP3" yenye tarehe ya 2016 haiwezekani, na SchH3 kwa mbwa aliyezaliwa 2020 inataka maelezo marefu. Linganisha pia umri: IGP1 si kabla ya miezi 18, IGP2 si kabla ya 19, IGP3 si kabla ya 20. Toa tarehe ya kuzaliwa kwenye tarehe ya mtihani. Hesabu ya dakika moja, na karatasi za kughushi nyingi hukwama hapo.

Halafu chipu. Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo mwenye skana, mpitishe shingoni, mabegani na chini hadi kwenye viwiko, maana chipu hutembea. Namba ina tarakimu 15. Za Ujerumani mara nyingi huanza na 276. Ifananishe na hati tarakimu kwa tarakimu. Mbwa mkubwa wa zamani anaweza kuwa na chale sikioni badala yake. Hati bila chipu inayolingana ni hati ya mbwa mwingine. Na cheo cha baba ni cha baba: mtoto hazaliwi na IGP. Cheti cha kumaliza mafunzo kilichotolewa na mkufunzi wa mtaani au kampuni ya ulinzi kinaweza kuwa cha kweli na mbwa akawa amefunzwa vizuri, ila si cheo, kwa sababu hakuna jaji aliyeidhinishwa aliyesaini kitabu.

AD kwa hali ya hewa yetu

AD ndicho cheo unachoweza kumwandalia mbwa bila uwanja wala mtu wa kuvaa mkono wa kuumwa. Ni mbio za kilomita 20 kando ya baiskeli, mbwa akiwa upande wa kulia, kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Anapumzika dakika 15 baada ya kilomita 8, dakika 20 baada ya 15, na mwishoni dakika 15 kabla ya zoezi dogo la utii. Umri wa chini miezi 16.

Wajerumani hawataki mtihani huo ufanyike joto likizidi nyuzi 22. Kampala kuna joto hilo kabla jua halijapanda sana, kwa hiyo anza saa kumi na moja na nusu alfajiri na uwe umerudi saa moja na nusu. Anza na kilomita 3, mara tatu kwa wiki, ukiongeza kilomita moja au mbili kila wiki. Wiki ya kumi atakuwa anafika 15 bila kuburutwa. Usimlishe kwa muda wa saa nne kabla ya kukimbia. Mchagulie njia ya udongo laini au ukingo wenye nyasi. Changarawe za murram hula nyayo: mbwa haonyeshi maumivu hadi tabaka la juu limeng'oka, na jaji huangalia nyayo kabla ya kusaini. Kila ukirudi, osha miguu, bonyeza kila kidole, tafuta joto na mkwaruzo. Ukikuta unyayo umekuwa laini na unang'aa, mpumzishe siku nne. Ulimi ukiwa mpana kama kijiko na kona za midomo zimevutwa nyuma, simama papo hapo, mmwagie maji tumboni na mapajani, mtembeze taratibu kivulini hadi pumzi irudi.